Konsoli Ilikataa Sauti ya Obuya

Dalmas alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Kompyuta haikubadilisha neno lake. IMEKATALIWA, ilisema kwa herufi nyekundu, na chini yake sababu ile ile ya jana: sauti mpya haziruhusiwi kwenye konsoli.

"Mpya?" aliiuliza kompyuta. "Obuya ni mpya? Obuya amepiga kelele mji huu tangu kabla hamjazaliwa!"

Mke wa mwenye ploti, aliyekuwa akianua nguo uani, aligeuza shingo kuona kijana anagombana na nani. Alipoona yuko peke yake, aliendelea na nguo zake. Alishamzoea mpangaji huyu wa chumba cha nyuma pale Waithaka. Aligombana na mashine kama wengine wanavyogombana na majirani, na kwa kawaida mashine ndiyo iliyosalimu amri. Wiki hii haikuwa hivyo.

Watu wengi wakinunua gemu huicheza ilivyo. Dalmas akinunua gemu huipasua tumbo. Alikuwa mtengenezaji wa modi, yaani vile vipande ambavyo mtu asiyeajiriwa na kampuni yoyote hujitengenezea na kuvipachika ndani ya gemu ya wenyewe, ikapata jezi mpya, au uwanja mpya, au mvua isiyokuwemo. Modi yake iliyompa jina ilikuwa ya gemu ya mpira, na aliiita Jigambe. Ukifunga goli, uwanja haukushangilia ovyo tu. Mwanamume mmoja mwenye sauti ya radi alichomoza katikati ya kelele na kujisifu:

"Mimi Obuya, mwana wa binti wa Alego! Moto wangu hauulizi huyu ni mbuzi wa nani!"

Wajaluo huuita mtindo huo pakruok. Ngoma inachezwa, mtu anainua mkono, wapigaji wanashusha vyombo vyao, naye anajimwaga: jina lake, mama yake, kijiji chake, na ubingwa wake alio nao na asio nao. Akimaliza, gitaa linapanda tena. Dalmas alikuwa amekulia katika majigambo hayo, na siku alipoyaingiza kwenye gemu, watu wa nchi ambazo hakuweza hata kutamka miji yake waliipakua Jigambe, wakawa wanamwandikia kumuuliza Alego ni wapi.

Lakini hiyo ilikuwa kwenye kompyuta, ambako mlango uko wazi na kila mtu anaingia na mzigo wake. Kwenye konsoli, lile kasha linalochomekwa kwenye televisheni, mlango una walinzi. Kampuni ya gemu ina sheria zake, mwenye konsoli ana zake, na modi hupita tu ikikubaliwa na wote wawili. Kila asubuhi Dalmas alikuta ujumbe ule ule: konsoli lini? Wengine waliuliza kwa adabu, wengine walimtukana kana kwamba amewafichia ugali. Mmoja aliiba kazi yake nzima, akaipeleka kwa jina lake mwenyewe, naye akakataliwa vilevile. Dalmas hakujua acheke au amtafute ampige.

Hao wote wangengoja. Aliyemnyima usingizi alikuwa Obuya mwenyewe.

Obuya, ndugu mdogo wa marehemu baba yake, alikuwa mchoma nyama wa Kenyatta Market. Zamani sauti yake ndiyo iliyokuwa bango lake. Mteja alimsikia kabla hajauona moshi. Dalmas alimrekodi pale pale kando ya moto, mafuta yakitiririka na Obuya akijipiga kifua. Mwaka uliofuata uvimbe ukaota kooni. Madaktari waliutoa, wakamrudisha mzima, ila sauti hawakuirudisha. Walimwachia mnong'ono mkavu, kama wa mtu anayekunja gazeti.

Hivyo sauti ya Obuya ilikuwa ikinguruma katika nyumba za watu wa ng'ambo ya bahari, na katika chumba cha gemu kilichotazamana na jiko lake mwenyewe, ambako watu wote waliomfahamu walicheza, haikusikika. Chumba kile kilikuwa na konsoli tu, bila kompyuta. Na Dalmas, kwa kiburi chake, alikuwa amesimama katikati ya chumba hicho Jumapili iliyopita na kutangaza kwamba siku ya fainali ya ligi ya soko, Jumamosi, goli la kwanza likiingia, Obuya atasikika humo ndani.

Leo ilikuwa Alhamisi. Alitia konsoli aliyoazima chumbani humo kwenye begi, akashika njia ya sokoni.

*

"Profesa wa gemu ameingia!" Nanyama alipaza sauti bila kuondoa vidole kwenye kichwa cha mteja. Kiti chake cha ususi kilikuwa ukuta mmoja na jiko la Obuya, na hakuna aliyemshinda kwenye konsoli soko zima. "Sasa Dalmas. Jumamosi iko pale pale ama imehama?"

"Iko pale pale."

"Na Mzee atasikika?"

"Kwani nilisema nini?"

"Ulisema goli la kwanza. Ukasema ukishindwa utasuka watu hapa kwangu siku mzima. Mimi nishakutafutia kichwa. Ya mama mmoja, nywele ngumu kama waya ya boma."

Mteja aliyekuwa kitini alicheka mpaka Nanyama akamshika kichwa atulie. Redio yake ilikuwa ikipiga injili kwa nguvu zake zote. Upande wa pili wa ukuta Obuya aligonga ubao kwa kisu, ko ko. Bila kugeuka, Nanyama alinyoosha mkono akaishusha redio. Obuya akamwinamia mteja wake, akamnong'oneza jambo kuhusu mbavu, mteja akacheka na kukubali. Ko ko tena, na redio ikapanda. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu operesheni. Dalmas aliona, kama alivyokwisha kuona mara nyingi, wala hakuona kitu.

Macharia, mwenye chumba cha gemu, alivuka njia akifuta mikono kwenye suruali. Alitazama begi kwanza, kisha uso.

"Niaje. Hiyo konsoli yangu irudi kama vile nilikupea. Ndiyo ya fainali, na fainali niko ndani mimi na huyu msusi."

"Itarudi."

"Imekubali?"

Dalmas alihamishia begi bega la pili.

"Maze, kwani lazima iwe ndani ya gemu?" Macharia alisema kwa upole. "Weka sauti kwa simu, tuunganishe na spika. Goli ikiingia, unabonyeza. Nani atajua?"

Ko ko. Redio ikashuka. Obuya alikuwa amesimama kwenye pengo la ukuta, aproni imejaa masizi, kisu mkononi.

"Sauti ya mtu itoke kwa spika, na mwenyewe amenyamaza?" alinong'ona, na wote watatu wakainama mbele kumsikia. "Hiyo ni ya matanga. Mimi nimekufa?"

"Hapana, baba mdogo," Dalmas alisema haraka. "Ndiyo maana nataka iwe ndani ya gemu. Ndani ya gemu unajibu goli. Unakuwa mchezaji kama wengine."

Obuya alifungua mdomo kutaka kusema neno, lakini wateja waliingia na pikipiki ikawashwa nje, na neno likapotea.

*

Ofisi ya Janice ilikuwa ndani ya nyumba ya zamani Spring Valley, nyuma ya ua uliokatwa vizuri kuliko nywele za watu wengi. Kampuni ya gemu ilimwajiri awe daraja kati yake na wachezaji wa huku. Alimpokea Dalmas mlangoni, akamletea chai, akamwonyesha kiti. Dalmas alikikalia ukingoni.

"Nimesikiliza faili lako lote," Janice alisema. "Pale anaposema mbuzi wa nani, nilimwaga chai kwa keyboard."

"Sasa mbona mmenikataa?"

"Si mimi, Dalmas. Mwenye konsoli hataki kitu kiingie kwake ambacho hakikutoka na gemu. Leo wewe unaweka mjomba wako..."

"Baba mdogo."

"Baba mdogo, pole. Kesho mwingine anaweka wimbo wa wenyewe, mwingine anaweka matusi, na kesi inawafuata wao. Haitakufuata wewe Waithaka."

"Basi wasikilize wajue si matusi!"

"Nani asikilize? Mkaguzi hajui hata Kiswahili, achia mbali Dholuo. Niliwapelekea tafsiri. Kuna mahali Mzee anasema atamkaanga kipa kwa mafuta yake mwenyewe." Janice aliuma mdomo asicheke. "Wameniuliza kama hicho ni kitisho rasmi."

Siku nyingine Dalmas angeanguka kwa kicheko. Leo alisimama, chai ikayumba mezani.

"Unajua huyo mtu hana sauti? Walimkata hapa." Alijishika koo. "Hiyo faili ndiyo sauti iliyobaki. Watu wa Norwei wanaisikia! Watu wa Brazili! Na rafiki zake wanaokula nyama yake kila siku hawaisikii, kwa sababu mtu fulani ofisini anaogopa kipa wa katuni atakaangwa!"

Janice hakujitetea. Alishika kikombe kilichoyumba, kisha akasema, "Hiyo sikujua. Pole sana."

"Sitaki pole, nataka mlango."

"Mlango ni mdogo. Kilichomo ndani ya gemu tayari, unaweza kukipanga upya. Rangi, kasi, muda, ukubwa wa sauti zilizomo. Hizo ni nambari tu, na nambari hawazikatai. Kuongeza huwezi. Kupunguza, hakuna atakayekuuliza."

"Nimekuja kutafuta sauti, unaniambia nipunguze?"

"Nakuambia kilichoko."

"Asante kwa chai," Dalmas alisema, na chai ilikuwa haijaguswa.

*

Kutoka hapo hasira ilimbeba hadi katikati ya jiji, na miguu ikamfikisha ilikojua: ghorofani karibu na barabara ya Luthuli, kwa fundi Kilonzo. Kilonzo alikuwa na meza ndogo, taa kali na sifa moja, kwamba hakuna kifaa kilichowahi kumfungia mlango.

"Hii naivunja kufuli saa hii," alisema, akiigeuza konsoli ya Macharia kama daktari anayegeuza mtoto. "Ukitoka hapa utaweka sauti ya huyo mzee wako, ya mama yako, hata ya mbwa. Hakuna mtu wa kukuuliza."

"Na mtandao?"

"Mtandao inategemea." Bisibisi ilikuwa tayari inazunguka. "Wakiijua, wanaifungia. Milele, na akaunti yake pia. Lakini si lazima waijue."

Dalmas alitazama skrubu zikidondoka moja moja kwenye kifuniko cha chupa. Ligi ya soko ilikuwa mtandaoni: mechi zote, jedwali lote, jina la kila muuza viatu na kila msusi aliyecheza tangu Pasaka. Konsoli ikifungiwa, hakuna fainali. Na Macharia angeamka Jumatatu na chumba chenye televisheni na viti. Lakini Obuya angesikika. Mara moja tu, kwa goli moja tu, angesikika mpaka barabarani! Dalmas aliona midomo ya watu ikibaki wazi. Alimwona Nanyama amekosa la kusema. Aliipenda picha hiyo, na katika kuipenda akagundua kwamba mtu aliyesimama katikati yake, kidevu juu, akipokea pongezi, alikuwa yeye mwenyewe.

"Rudisha," alisema.

"Umesema?"

"Rudisha skrubu, fundi. Funga."

Kilonzo alimtazama juu ya miwani. "Wewe umekunywa chai leo?"

"Nilipewa. Sikukunywa."

"Hapo ndipo shida iko," alisema Kilonzo, akaanza kufunga.

Chini barabarani kelele zilimpokea kama maji ya mtaro. Mhubiri alikuwa na kipaza sauti, duka la nguo lilikuwa na kipaza sauti kikubwa kuliko cha mhubiri, makanga wakipiga ubavu wa magari kwa viganja. Simu ikatetemeka mfukoni. Alipoitoa, jina alilolisoma lilimsimamisha njiani: Baba Mdogo. Obuya hakuwa amempigia mtu yeyote simu tangu atoke hospitali. Ya nini?

"Haloo? Baba mdogo?"

Hakusikia kitu. Alijiziba sikio la pili. Hakusikia kitu. Aliingia dukani, mlikuwa na muziki. Alipanda ngazi za jengo, watu wakateremka wakibishana. Sasa alikuwa akikimbia, begi likimpiga mgongoni, akisema usikate, usikate, mpaka akaona kijumba cha kioo cha mashine ya benki, akajitosa ndani na kuuvuta mlango.

Jiji likanyamaza.

Na katika kimya hicho, wazi kabisa, kama mtu aliyeketi begani mwake, mnong'ono ulisema:

"Umekula?"

Dalmas aliegemeza kichwa kwenye kioo.

"Dalmas? Uliondoka hapa kama mtu amemwagiwa maji ya moto. Nimekuwekea mbavu. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema. "Nakusikia vizuri sana."

Mtu aligonga kioo nje, akionyesha kadi yake ya benki. Dalmas aliendelea kusimama na simu sikioni ingawa ilishakatwa. Kisu kikagonga ubao kichwani mwake, ko ko, na mkono wa Nanyama ukanyooka kushusha redio. Aliwaona wapiga gitaa wa nyumbani, jinsi wanavyoinamisha vyombo mtu akiinua mkono. Mle ndani ya ngoma hakuna anayemletea mwenye kujigamba sauti. Sauti anakuja nayo. Wanamwachia nafasi tu.

Kupunguza, hakuna atakayekuuliza.

Alipofungua mlango alikuwa akicheka peke yake. Mama wa kadi alimpisha kwa heshima. "Mshahara umeingia, eh?" alisema.

*

Modi mpya aliimaliza Ijumaa kabla ya chakula cha mchana, na ilikuwa ndogo kuliko picha ya paspoti. Haikuwa na sauti hata moja. Ilichukua nambari zilizokuwamo ndani ya gemu na kuziteremsha: goli likiingia, mashabiki sufuri, mtangazaji sufuri, muziki sufuri. Kamera ilimkazia mfungaji, na mpira haukurudishwa katikati mpaka muda upite. Kisha kelele zote zilipanda kwa pamoja.

Akaituma. Halafu akafua nguo zilizokuwa safi. Akaenda dukani, akasahau alichofuata. Akasimama nyuma ya nyumba akitazama migomba ya jirani, akarudi, akaangalia: inakaguliwa. Je, wakiona kimya nacho ni kitisho? Akapiga pasi shati. Inakaguliwa. Mke wa mwenye ploti alimuuliza kama anangojea mtoto.

Jumamosi asubuhi herufi zilikuwa kijani. Walinzi wote wa mlango ule walikuwa wamejiandaa kwa kila aina ya mzigo, na mtu aliyeingia mikono mitupu hawakumpekua.

Hakumwambia mtu. Alichomeka konsoli ya Macharia mahali pake, akaiwekea modi, akarudi nyuma ukutani.

Chumba kilijaa mpaka watu wakakalia makreti ya soda. Macharia na Nanyama walikaa bega kwa bega mbele ya televisheni, kila mmoja na kidhibiti chake mkononi, wakitukanana kwa furaha.

"Leo nitakunyoa, msusi!"

"Nyoa kwanza hizo ndevu tatu."

Obuya alisimama mlangoni na kisu chake, aproni mwilini, jicho moja kwenye moto ng'ambo ya njia.

Goli la kwanza alilifunga Macharia, shuti la mbali, na chumba kikalipuka. Mara televisheni ikafa sauti.

"Spika!"

"Stima imeenda?"

"Stima na picha inaonekana, wewe? Shika hiyo waya!"

"Msiguse!" Dalmas alipiga kelele. "Msiguse kitu!"

Kelele zikafifia kwa mshangao. Kwenye kioo mchezaji wa Macharia alisimama mikono wazi, amezungukwa na maelfu ya midomo isiyotoa kitu. Dalmas alimtazama Obuya. Sasa, alimwambia kwa macho. Sema sasa. Obuya alimtazama naye, hakuelewa anatakiwa nini. Watu walitazamana. Mtu mmoja alikohoa. Kisha kelele za uwanja zikarudi kwa kishindo na mechi ikaendelea.

"Hiyo ndiyo sauti ya Obuya?" Macharia aliuliza bila kutoa jicho kwenye kioo. "Dalmas, hata mbu ana sauti kuliko hiyo."

Chumba kilimcheka kwa raha. Masikio ya Dalmas yaliungua kama yameegemezwa kwenye jiko. Alitaka kueleza, lakini ukishaanza kuwaeleza watu wa soko kwamba umewaletea kimya, umekwisha. Alihesabu hatua mpaka mlangoni. Mlangoni alikuwepo Obuya.

Nanyama alisawazisha kabla ya mapumziko. Sauti ikafa tena. Wengine walishaanza kuguna, lakini Nanyama alikaza macho kwenye televisheni ile bubu, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikia mlango wake ukibishwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejinyoosha kuelekea redio isiyokuwepo. Akageuka, akamtazama Dalmas, kisha Obuya. Akasimama, kidhibiti juu.

"Mimi Nanyama!" alisema. "Binti wa Chwele! Nikikusuka husinzii, nikikufunga huamki!"

Uwanja ukarudi na kishindo chake, kana kwamba wale watu wa katuni walikuwa wamemngojea yeye. Chumba kiliruka juu. Kreti moja lilipasuka. "Tena! Tena!" watu walisema, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza habari za spika. Macharia alipofunga la pili, alijiita mjukuu wa mwenye shamba la Dagoretti ambaye ng'ombe wake walikunywa mto wakaumaliza. Nanyama akasawazisha, akamwambia kwamba hao ng'ombe ndio aliosuka mikia.

Dakika zilikuwa zinakwisha. Dalmas alikuwa ameng'ata kucha mpaka nyama. Nanyama alichukua mpira pembeni, akampita beki, akampita mwingine, akauinua juu ya kipa. Goli.

Televisheni ikanyamaza. Nanyama alikuwa tayari ameruka, mdomo wazi, kifua kimejaa.

Ko ko.

Kisu kwenye fremu ya mlango. Nanyama alifunga mdomo. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama afanyavyo siku zote, na goli lile lilikuwa la ubingwa. Aliyekuwa akisogeza kiti aliacha. Macharia alishusha kidhibiti chake magotini. Hata nje, mtu aliyekuwa akiita wateja alitazama ndani na kunyamaza.

"Mimi Obuya," ulisema mnong'ono, na ukafika mpaka ukuta wa nyuma alikosimama Dalmas. "Mwana wa binti wa Alego. Koo walikata. Mdomo waliuacha."

Alielekeza kidevu kwenye ukuta wa nyuma.

"Na yule mrefu pale, anayetetemeka kama waya wa stima, ni mtoto wa ndugu yangu. Alitaka kunitia ndani ya kasha." Obuya aliinua kisu. "Na nyama atachoma nani?"

Uwanja wote ukanguruma. Wa kwenye televisheni na wa Kenyatta Market ulinguruma pamoja, usingeweza kuutenganisha. Watu walimbeba Obuya na kisu chake, wengine wakipiga yowe kisu kisiwakate, na Dalmas alijikuta ameshika ukuta kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyekuja kumpongeza. Kwa muda mrefu hakuna hata aliyekumbuka yumo. Alifuta uso kwa mkono wa shati alilolipiga pasi jana.

Aliyekumbuka alikuwa Nanyama. Alikuja akiwa amelowa jasho, bingwa, kitana kimechomekwa nyweleni.

"Ulisema goli la kwanza," alisema.

"Nanyama, si umesikia mwenyewe? Amesikika!"

"Ya tano. Mimi nilihesabu. Na haikutoka kwa konsoli, ilitoka kwa mlango." Alichomoa kitana akamkabidhi. "Jumatatu, saa mbili asubuhi. Usichelewe, mama ni mkali."

*

Mama alikuwa mkali, na nywele zilikuwa kama Nanyama alivyoahidi. Kufikia saa nne Dalmas alikuwa amemaliza mstari mmoja na nusu, ile nusu ikielekea mahali pasipojulikana. Watu walipita makusudi ili waone. Macharia alivuta kiti kabisa.

Simu ilikuwa mbele yake juu ya meza, kando ya kopo la mafuta, na ilikuwa ikiwaka bila kupumzika. Watu wa konsoli. Modi yako imeharibika, haina sauti. Ndugu, nimefunga goli na kila kitu kimenyamaza, nifanyeje? Rekebisha haraka. Alitamani kumjibu kila mmoja, kwa maneno makali, lakini vidole vyote kumi vilikuwa vimenaswa kichwani mwa mama.

"Unanivuta, kijana!"

"Pole, mama."

Ko ko, upande wa pili wa ukuta. Dalmas alichomoa mkono mmoja wenye mafuta, akanyoosha kidole, akashusha redio.